Mmekuja mwezi gani?

Afisa wa kampuni ya ushauri alikuwa amefika ukurasa wa wanyama katika ripoti ya mradi. Tulikaa kwenye madawati ya shule, kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino upande wa Haneti, jua la saa nane likipenya kwenye matundu ya bati. Mimi nilikuwa nimeitwa kuandika kumbukumbu za kikao. Akasoma kwa sauti: eneo la mradi ni kame, halina wanyama wenye umuhimu wa pekee.

Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Mwanangu, nimekusikia. Mmekuja mwezi gani?"

"Mwezi wa tisa, mzee wangu."

"Mwezi wa tisa. Basi mmehesabu vumbi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaeleza taratibu kwamba mvua ya kwanza ikishanyesha, kumbikumbi hutoka ardhini jioni moja. Baada yao hufuata vyura waliojichimbia tangu masika yaliyopita. Halafu kwenye vidimbwi vya mbugani huonekana visamaki ambavyo watoto huvichota kwa kanga, na hakuna mto unaofika pale. Wanabaiolojia wanavijua visamaki vya namna hiyo: mayai yao hustahimili kiangazi kizima ndani ya tope lililokauka. Wapimaji walikuwa wamepita juu yake kwa viatu.

Afisa akasema maoni yamepokelewa, nami nikayaandika. Kikao kikahamia kwenye fidia ya mashamba na ajira za vijana.

Swali lile halikuniacha. Wiki zilizofuata nilikuwa nikisoma habari za uchimbaji wa madini chini ya bahari, jambo ninalolifuatilia kwa muda sasa, na kila ukurasa nilijikuta naliuliza tena. Mmekuja mwezi gani? Mmechota wapi? Mmechota mara ngapi?

Kwa sababu huko chini hakuna mzee wa kusimama nyuma ya ukumbi.

## Mawe meusi

Kwa asiyefuatilia: katikati ya Hawaii na Meksiko kuna uwanda wa bahari uitwao Clarion-Clipperton, kiasi cha kilomita za mraba milioni 6, zaidi ya mara sita ya Tanzania nzima. Kina chake ni mita 4,000 na zaidi. Juu ya tope lake yametapakaa mawe meusi ya ukubwa wa kiazi mviringo, ndani yake mna manganisi, nikeli, shaba na kobalti. Mawe ya aina hii yaliopolewa na meli ya Uingereza, Challenger, katika safari yake ya utafiti ya 1872 hadi 1876. Jiwe moja hukua milimita chache kwa miaka milioni moja.

Nikeli na kobalti zinatakiwa kwa betri. Hapa Dodoma, mji wa Wizara ya Madini na wa ofisi ya jiolojia iliyoanza 1925, hilo halihitaji maelezo marefu.

Sakafu ya bahari ile haimilikiwi na nchi yoyote. Inasimamiwa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika. Mamlaka hiyo imetoa mikataba ya utafutaji ipatayo 30, lakini mpaka ninapoandika haijatoa hata mmoja wa uchimbaji wa kibiashara. Kila mwenye mkataba anatakiwa kwanza aeleze ni viumbe gani wanaishi katika eneo alilopewa.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

## Tope la robo mita

Nimesoma na kutazama mengi kuhusu namna kazi hii inavyofanyika, na inastahili kuelezwa polepole.

Meli husimama juu ya nukta moja ya ramani. Sanduku la chuma lenye mdomo wa sentimita 50 kwa 50 linateremshwa kwa waya. Kushuka tu kunaweza kuchukua zaidi ya saa moja, na kupanda vilevile. Likigusa chini linazama kwenye tope, ubao wa chuma unajifunga chini yake, kisha linavutwa juu na kile kilichomo. Likifika sitahani limebeba robo ya mita ya mraba ya sakafu ya bahari: maji ya baridi juu, mawe meusi, halafu tope laini la kahawia.

Hapo haraka inaanza. Viumbe hawa wametoka kwenye maji ya nyuzi kama moja na nusu hivi za Selsiasi, na sasa wako kwenye jua la tropiki. Wakipata joto vinasaba vyao huharibika. Kwa hiyo maji ya bahari ya kuoshea tope huwa yamechujwa na kupozwa kabla. Mawe yanaokotwa moja moja kwa mkono, yanasuuzwa na kukaguliwa kila ufa, kwa kuwa kuna minyoo na vijidudu vya jamii ya kamba wanaoishi ndani ya nyufa hizo. Tope linakatwa tabaka kwa tabaka na kupitishwa kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 0.3. Kinachobaki juu ya chekeche ndicho kinachotafutwa: mnyoo mwenye urefu wa ukucha, gamba la chaza dogo kuliko punje ya ulezi, mguu wa kitu ambacho hakuna anayejua ni kitu gani.

Mnyama hupigwa picha akiwa bado na rangi yake, hupewa namba, huwekwa kwenye ethanoli iliyopozwa. Namba hiyo itamfuata mpaka maabara, na huko ndiko kazi ndefu iliko. Mtu atakaa na hadubini akihesabu vinyweleo vya ubavuni mwa mnyoo mmoja, pingili kwa pingili, akivilinganisha na michoro ya watu waliokufa zamani, kisha akilinganisha vinasaba vyake na vya mnyoo aliyechotwa kilomita mia kadhaa kutoka hapo. Ndipo atasema: ni yuleyule, au ni mwingine.

Hiyo ni robo mita moja. Uwanda ni kilomita za mraba milioni 6.

Ziko pia roboti zinazopita juu ya sakafu zikipiga picha kwa maelfu. Picha huonyesha wakubwa: majongoo bahari, sifongo, viti vya pweza. Mwaka 2016 kamera karibu na Hawaii, kwenye kina cha zaidi ya mita 4,200, ilimkuta pweza mweupe mdogo ambaye sayansi haikuwa imemjua. Mwaka huohuo watafiti walieleza kwamba pweza wa namna hiyo, katika bonde la bahari la upande wa Peru, hutaga mayai kwenye mashina ya sifongo zilizokufa, na sifongo hizo humea juu ya mawe yaleyale ya madini. Ukiliondoa jiwe, umeiondoa nyumba yenyewe.

Lakini kamera haioni aliyemo ndani ya tope. Na wengi wamo ndani ya tope.

## Walioonekana mara moja

Mwaka 2023 watafiti walikusanya kumbukumbu zote zilizopatikana za uwanda ule, wakakadiria spishi 5,578 za wanyama zilizokwisha kuonekana huko. Takriban asilimia 90 hazina jina la kisayansi.

Namba hiyo inashtua, na mimi ilinishtua. Ila iliyonigeuza fikra ni nyingine.

Thomas Dahlgren, mtafiti wa Sweden, ametoa mfano huu: sampuli ya tope la Bahari ya Kaskazini inaweza kuwa na wanyama 20,000. Sampuli ya ukubwa huohuo kutoka kilindini ina spishi nyingi vilevile, lakini wanyama 200 tu. Maana yake ni kwamba kule chini spishi nyingi zinajulikana kwa mnyama mmoja. Mmoja tu, aliyeingia kwenye sanduku siku moja, na hajaonekana tena.

Sasa fikiria unatakiwa uandike ripoti. Umempata mnyoo mmoja. Anaishi wapi? Huenda ametawanyika uwanda mzima, kutoka Hawaii mpaka karibu na Meksiko, ila ni adimu kila mahali. Huenda anaishi kwenye bonde moja tu, lile unalotaka kulichimba. Kwenye jedwali hali hizi mbili zinaandikwa sawasawa: idadi, 1. Kwa mnyoo, moja ni jeraha na nyingine ni mwisho wa ukoo wake duniani.

Hapo nilielewa kwamba idadi peke yake haitoshi hata ikiwa sahihi. Swali gumu ni la mipaka: kila spishi inaanzia wapi na inaishia wapi. Kulijibu kunataka kurudi na kurudi, sehemu mbalimbali, miaka mbalimbali, na sampuli za kutosha mpaka yule mmoja apate wenzake.

Mamlaka imetenga maeneo 13 yasiyochimbwa katika uwanda huo, tisa mwaka 2012 na manne yakaongezwa 2021. Ni hatua njema na naiheshimu. Lakini maeneo hayo yamechunguzwa kidogo kuliko yale ya mikataba, kwa sababu meli na fedha hufuata madini. Tunaambiwa waliopotea hapa watakuwa salama kule, na kule hatujui vizuri nani anaishi.

## Njia za mashine

Mwaka 2022 mashine ya kukusanya mawe ilijaribiwa kwenye uwanda huo. Wanasayansi walikuwa wameanza kuhesabu kabla, wakarudi baada ya jaribio, na matokeo yakachapishwa Desemba 2025. Walikuwa wamekusanya wanyama 4,350 wenye ukubwa wa zaidi ya milimita 0.3, wakatambua spishi 788. Ndani ya njia za mashine, idadi ya wanyama ilipungua kwa asilimia 37 na aina zao kwa asilimia 32.

Wapo watakaosema asilimia 37 si kitu, walitarajia mbaya zaidi. Mimi nimesimama zaidi kwenye jambo jingine katika utafiti huohuo: hata pale ambapo mashine haikupita, jamii za wanyama zilibadilika zenyewe kadiri muda ulivyokwenda. Chakula cha kule ni mabaki yanayodondoka kutoka juu, na hayadondoki kwa kipimo kimoja kila mwaka. Kilindi nacho kina vipindi vyake. Aliyepima mara moja amepima kipindi kimoja, sawa na waliokuja Chamwino mwezi wa tisa. Bila miaka ya kuhesabu kabla, mabadiliko ya asili na madhara ya mashine yangechanganyika, na kila upande ungechukua tafsiri inayoufaa.

Na muda wa kupona? Mwaka 1989 watafiti wa Ujerumani walivuruga kwa makusudi kipande cha sakafu ya bahari upande wa Peru ili waone kitakachotokea. Walioenda tena mwaka 2015 walizikuta alama za jembe lao bado zinaonekana. Kwenye uwanda wa Clarion-Clipperton wenyewe kuna njia za mashine iliyojaribiwa 1979. Meli ya utafiti ya Uingereza ilirudi hapo 2023, baada ya miaka 44, na njia zilikuwa bado zipo. Baadhi ya viumbe wadogo wamerudi. Wakubwa wanaojishikiza mahali pamoja wengi hawajarudi.

Mwaka 1979 Bunge letu lilikuwa bado linakaa Dar es Salaam. Dodoma yote hii ya leo, barabara za njia nne, majengo ya Mtumba, imeota juu ya ardhi kavu ndani ya umri wa njia zile za mashine.

## Anayelipia hesabu

Hapa ndipo nilipokwama kwa siku nyingi.

Utafiti ule wa Desemba 2025 ulilipiwa na kampuni yenyewe inayotaka kuchimba. Mtu wa kwanza niliyemsimulia, rafiki yangu wa Ipagala, alisema mara moja: basi usiuamini. Sikuweza kukubali. Waliofanya kazi ni wataalamu wa makumbusho na vyuo, walichapisha hadharani, na walichopata hakiipendezi kampuni. Zaidi ya hapo, pasingekuwa na tamaa ya madini, nani angepeleka meli mara kwa mara kuchota minyoo kwenye kilindi? Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu uwanda ule imelipiwa na wanaotaka kuuchimba.

Naikiri faida hiyo, na bado roho haitulii. Mwenye mradi ana ratiba. Mkopo una tarehe. Mtaalamu wa minyoo hana uwezo wa kuharakisha mnyoo. Pande hizi mbili zikigongana, kitakachokatwa ni hesabu, na ripoti itaandikwa kwa lugha ileile niliyoisikia Chamwino: hakuna cha umuhimu wa pekee.

Wako wanaosema pia kwamba bora kuchimba kule kusiko na watu kuliko kuhamisha vijiji huku bara. Hoja hii siidharau. Nimeona mashamba yaliyofidiwa kwa fedha ya kununua baiskeli, na kobalti ya Kongo ina machungu yake. Lakini jiwe likichotwa Pasifiki, hakuna mkataba unaofunga mgodi mmoja wa nchi kavu kwa sababu hiyo. Tutakuwa na vyote viwili.

## Kihansi

Sisi Watanzania hili tumeshalipitia.

Chura wa Kihansi aligunduliwa 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Ni mdogo, hafiki sentimita tatu, rangi ya dhahabu, na hatagi mayai: anazaa. Dunia yake nzima ilikuwa hekta chache zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya korongo la mto Kihansi. Maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo mwaka 2000, manyunyu yakakatika. Karibu vyura 500 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Walianza kurudishwa 2012, kwa gharama na kazi kubwa, na manyunyu ya mabomba.

Umeme wa Kihansi tunautumia. Sina neno nao. Ninachosema ni kwamba chura yule angefahamika miaka kumi kabla, wahandisi wangemchora kwenye mahesabu yao tangu mwanzo. Alikuja kujulikana wakati ambapo kumjali kulionekana ni kuzuia maendeleo, na mpaka leo ukimtaja kwenye kikao kuna watu watakaocheka.

Na huyo ni chura wa korongo unaloweza kulifikia kwa gari na miguu. Wakachukuliwa wakiwa hai, wakazaa kwenye vioo vya New York. Mnyoo wa mita 4,000 huwezi kumweka kwenye chupa ukamrudisha baada ya miaka kumi na miwili.

## Kiti chetu Kingston

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unasema sakafu ile na madini yake ni urithi wa pamoja wa binadamu. Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Tume iliyoandaa kuanzishwa kwa Mamlaka ile iliongozwa mwanzoni, kuanzia 1983, na Mtanzania, Joseph Warioba, ambaye baadaye alikuwa jaji wa mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari huko Hamburg. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mtu wa Dodoma hana la kusema kuhusu kilindi cha Pasifiki, namwambia asome historia yetu.

Isitoshe, jambo hili limeshaingia kwenye bahari yetu. India ina mkataba wa mawe hayahaya katikati ya Bahari ya Hindi, kilomita za mraba 75,000. Na kwenye chemchemi za moto za kilindi cha bahari hiyohiyo anaishi konokono ambaye mguu wake umefunikwa magamba yenye madini ya chuma. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu uchimbaji unaweza kufika anapoishi. Alikuwa anajulikana katika sehemu tatu tu.

Ninachotaka ni kitu cha wazi. Wawakilishi wetu wakikaa Kingston wasikubali ombi lolote la kuchimba ambalo spishi zake nyingi zimeonekana mara moja na hazina jina. Wadai sampuli za miaka, siyo za safari. Wadai maeneo yasiyochimbwa yahesabiwe kwa bidii ileile ya maeneo ya mikataba, na gharama ya hesabu hiyo ipitie kwenye mfuko ambao mwenye mradi hana mkono ndani yake.

Tuwe pia na watu wetu kwenye hadubini. Wenye mikataba wanalazimika kutoa nafasi za mafunzo kwa vijana wa nchi zinazoendelea, melini na maabara. Takwimu zao za mazingira zimewekwa wazi tangu 2019 kwenye hifadhidata ya Mamlaka iitwayo DeepData, na yeyote mwenye bando anaweza kuifungua akiwa Nzuguni. Rekodi nyingi zinaishia kwenye jina la familia au jenasi, kwa kuwa mtu wa kuzifikisha kwenye spishi hajapatikana.

Binti wa kaka yangu anasoma baiolojia hapa mjini na amechagua wadudu. Anajua kukaa saa nne na hadubini bila kunung'unika. Nimempelekea ukurasa wa nafasi hizo, na Jumamosi anakuja nyumbani tuzisome pamoja.